GPU ya laptopu imekwama megahezi 210: tafuta kwanza nani ameishika

Swali: Laptopu yangu ina kadi ya michoro (GPU) ya NVIDIA, RTX 3060. Kwa wiki mbili sasa, kila nikifungua gemu GPU inabaki megahezi 210 ilhali matumizi yanasoma asilimia 99. Joto halivuki nyuzi 50. Zamani ilikuwa inapita 1,600 bila shida. Nimebadilisha draiva (programu inayoiendesha kadi) mara tatu, nimeweka Windows upya, hali ni ileile. Kilichobadilika ni chaja tu: ya awali iliharibika, nikanunua nyingine ambayo kichwa chake kinaingia vizuri. Je, kadi ndiyo inakufa?

Jibu: Haielekei kabisa. Kadi inayokufa huchora mistari na vidoti vya rangi kwenye skrini, huangusha gemu ghafla, au hupotea kwenye orodha ya vifaa. Yako inapiga hesabu zake sawasawa, ila kwa mwendo wa kobe. Megahezi 210 ni kasi ambayo kadi nyingi za RTX hupumzikia zikiwa hazina kazi. Kubaki hapo huku gemu linaidai kazi maana yake ni kwamba inataka kupanda na kuna kitu kinaizuia. Kijue hicho kitu kabla hujagusa kingine chochote. Na huhitaji kubahatisha, kwa sababu draiva yenyewe huandika sababu ya zuio.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo asilimia 99, maana wengi huisoma vibaya. Haipimi kadi imefanya kazi kiasi gani. Inapima ni sehemu gani ya muda kadi ilikuwa na kazi mkononi. Kwa hiyo 99 kwenye megahezi 210 ni kadi iliyokabwa. Ingekuwa asilimia 20 kwenye megahezi 210, ningekwambia kadi haina kazi, nawe ungeenda kutafuta kwingine kabisa: ukomo wa fremu (picha kwa sekunde) uliowekwa kwenye gemu, V-Sync (inayofungia fremu kwenye kasi ya skrini), prosesa inayochelewesha kila kitu, au gemu linaloendeshwa na GPU ndogo iliyo ndani ya prosesa badala ya ile ya NVIDIA. Wengi wanaolalamikia kasi ndogo wako kundi hili la pili, na kadi zao ni nzima.

Namna ya kupima

Chomeka chaja, hakikisha betri iko juu ya asilimia 50, zima V-Sync na ukomo wowote wa fremu, kisha endesha gemu zito au Unigine Superposition (programu ya kupimia kadi) ndani ya dirisha ili uone na vitu vingine pembeni. Usitumie FurMark, programu ya kuitesa kadi, kwa kipimo hiki. Inakamua umeme mwingi kuliko gemu lolote, kwa hiyo hata kadi nzima hupunguza kasi ili isivuke wati zake, nawe utahukumu vibaya.

Fungua dirisha la amri na uandike:

`nvidia-smi --query-gpu=pstate,clocks.gr,clocks.mem,temperature.gpu,power.draw,utilization.gpu --format=csv -l 1`

Amri hii huja pamoja na draiva, huhitaji kupakua kitu. Kila sekunde itakuandikia mstari mmoja. Safu ya kwanza ndiyo hali ya nguvu: P0 ni kadi iliyoamka kikamilifu, P8 ni kadi iliyolala, na katikati yake kuna ngazi kama P5. Kasi ya kumbukumbu nayo husema mengi. Ikiwa 405, kadi iko P8; ikiwa 810, mara nyingi iko P5. Kumbukumbu ikiwa imepanda hadi maelfu lakini kiini cha GPU kimebaki 210, draiva imeshaamua kupanda na zuio linatoka nje yake. Baadhi ya laptopu huandika N/A kwenye safu ya wati. Hilo lisikushtue.

Halafu, gemu likiwa bado linaendelea, fungua dirisha la pili la amri:

`nvidia-smi -q -d PERFORMANCE`

Hapa ndipo penye jibu. Utaona orodha ya sababu, kila moja ikiwa na neno Active au Not Active. Draiva za zamani huiita Clocks Throttle Reasons, za karibuni Clocks Event Reasons. Ni kitu kilekile.

Idle ikiwa Active wakati gemu linaendelea, kadi haina kazi. Rudi kwenye kundi la pili nililolitaja juu. SW Power Cap maana yake kadi imefika ukomo wa wati ilizopewa. Peke yake si kosa: RTX 3060 ya laptopu imetengenezwa kwa wati 60 hadi 115 kutegemea muundo wa laptopu, na ikiwa kwenye megahezi 1,500 huku inakula wati 80 au 115, SW Power Cap itakuwa Active siku zote. Inakuwa dalili ya ugonjwa pale inapowaka wakati kadi inakula wati 15 au 20. SW Thermal Slowdown na HW Thermal Slowdown ni joto. HW Power Brake Slowdown ni breki ya umeme: kuna kitu nje ya kadi, kwenye ubao mama, kimevuta waya wa breki.

Kwa dalili ulizoeleza, yaani nyuzi 50, kasi ya mapumziko, na zuio linaloanza gemu linapofunguka, natarajia uone HW Power Brake Slowdown, au SW Power Cap yenye wati kiduchu. Watengenezaji wa laptopu hutumia njia hizo mbili kuibana kadi pale wanapoona umeme hautoshi. Wengine huvuta breki moja kwa moja, wengine huiambia draiva ishushe ukomo wa wati. Mzizi ni uleule. Na kule kuweka Windows upya bila mafanikio nako ni ushahidi: anayebana yuko chini ya Windows, kwenye chipu ndogo ya ubao mama inayosimamia chaja, betri, feni na kibodi. Mafundi huiita EC. Haifutwi na Windows mpya.

Chaja

Kichwa kuingia vizuri hakumaanishi chaja inafaa. Chaja ya laptopu yenye GPU ya namna hii hufanya mambo mawili: hutoa umeme, na hujitambulisha. Dell, kwa mfano, huweka chipu ndogo ndani ya chaja inayozungumza kupitia sindano ya katikati ya kichwa. Vichwa vya mstatili vya Lenovo hutumia rezista. EC husoma kitambulisho hicho na kujua ni chaja ya wati ngapi. Isipokisoma, au ikisoma namba ndogo, huchukulia kwamba umeme hautoshi na kubana kila kinachokula umeme mwingi. Laptopu itawaka, taa ya chaja itawaka, utaandika barua na kutazama video bila kugundua lolote. Gemu ndilo litakalokuumbua.

Anza na lebo ya chaja. Zidisha volti za upande wa kutoa kwa ampea:

19.5 V × 9.23 A ni wati 180
20 V × 11.5 A ni wati 230
19.5 V × 6.15 A ni wati 120
20 V × 3.25 A ni wati 65

Sasa jumlisha mahitaji. GPU yako peke yake inaweza kudai wati 115. Prosesa ya daraja la H, ile ya laptopu zenye nguvu, imepangiwa wati 45, na hupita hapo kwa vipindi vifupi. Skrini, kumbukumbu, diski na feni weka 20. Tayari uko 180, na bado betri haijaomba chochote. Ndiyo sababu laptopu za aina hii huuzwa na chaja za wati 180 hadi 240. Ukiwa na ya 120, EC ina haki ya kubana. Ukitumia chaja ya USB-C ya wati 65 au 100, pia ina haki, hata kama tundu linaikubali na betri inajaa.

Volti ni suala jingine. Zinapaswa kulingana na zilizoandikwa chini ya laptopu. Tofauti ya nusu volti, kama 19.5 na 20, haina madhara, ila usichanganye 19 na 24. Ampea zikizidi si tatizo, kwa sababu laptopu huchukua inachohitaji.

Lebo nayo husema uongo kwenye chaja za bandia. Chaja iliyoandikwa wati 230 lakini nyepesi na ndogo kama ya wati 65 ni ya kutiliwa shaka. Kuna vipimo vitatu visivyohitaji kufungua kitu:

1. Ingia BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Dell na wengine kadhaa huandika humo aina ya chaja iliyotambuliwa pamoja na wati zake. Ikiandikwa haijulikani, au wati pungufu kuliko lebo, umeshapata jibu. Baadhi hutoa pia onyo wakati wa kuwaka kwamba aina ya chaja haikutambulika. Wengi huliruka kwa kubonyeza kitufe bila kusoma.

2. Tazama prosesa. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, gemu likiendelea. Prosesa ikiwa imeganda karibu na gigahezi 0.4 au 0.8, basi imebanwa pamoja na GPU, na mbanaji ni EC. GPU peke yake ikiwa chini huku prosesa inakimbia gigahezi 3 au 4, chaja bado ni mshukiwa, lakini si peke yake.

3. Chomoa chaja gemu likiendelea. Kwa kawaida kasi hushuka ukihamia betri. Ikipanda badala yake, mathalani kutoka 210 hadi 800, chaja ndiyo yenye kosa, kwa kuwa kuondoka kwake kumeachia breki. Kipimo hiki ni cha bure na kinachukua sekunde kumi. Sijui kwa nini hakifanywi mara nyingi.

Ukiweza kupata kipima wati cha ukutani, chomeka chaja juu yake. Laptopu iliyobanwa husimama kwenye wati 40 hadi 60 hata gemu liwe zito vipi. Iliyo huru hupita 130.

Usije ukadanganyika na ushauri wa kutumia programu ya ThrottleStop kuondoa alama ya BD PROCHOT, yaani ishara ambayo EC huitumia kuiamuru prosesa ipunguze kasi. Ni kweli prosesa itaamka, kwa sababu utakuwa umeiziba masikio isisikie amri ya EC. Lakini GPU haisikilizi waya huo, na chaja isiyotosha itaendelea kutotosha, sasa ikiwa na mzigo mkubwa zaidi. Mwisho wake ni chaja inayochemka na kujizima katikati ya gemu, au mbaya zaidi.

Betri pia ina mkono

Laptopu nyingi za gemu huazima kidogo kutoka kwenye betri pale mahitaji yanapopita uwezo wa chaja kwa sekunde chache. Betri ikichakaa sana, ikitolewa, au ikishuka chini ya kiwango fulani, EC hukosa pa kuazima na hubana mapema. Endesha `powercfg /batteryreport` na ulinganishe uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, iweke kwenye orodha ya washukiwa. Betri iliyovimba isubiri kitu kimoja tu: kutolewa.

Kuisafisha EC

Kuna wakati chaja ni sahihi lakini EC imeng'ang'ania hali ya zamani, hasa baada ya chaja kufa ghafla kama yako ilivyofanya. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Zima kikamilifu kwa amri `shutdown /s /t 0`. Usitumie kitufe cha kuzima cha kwenye menyu, kwa sababu Windows 10 na 11 zikiwa na Fast Startup huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha kilekile, pamoja na hali ya draiva. Chomoa chaja na kila kilichochomekwa. Betri ikiwa ya kutolewa, itoe. Ikiwa ya ndani na unajua kufungua, chomoa waya wake kwenye ubao. Bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kwa sekunde 30 hadi 60. Baadhi ya laptopu zina kitundu kidogo chini, cha kusukumwa kwa sindano. Kazi yake ni hiyohiyo. Rudisha betri, chomeka chaja, iache dakika tano kabla ya kuwasha.

Ukishawasha, pima tena kabla ya kusasisha BIOS. Ukifanya vyote kwa pamoja hutajua kipi kilisaidia. BIOS mpya ina maana kama mtengenezaji ametaja marekebisho ya umeme au chaja, na isisasishwe ukiwa na chaja unayoitilia shaka: umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo utakuwa na tatizo kubwa kuliko gemu.

Ikiwa si chaja

Kwa wasomaji wengine wenye dalili zinazokaribiana, haya ndiyo yanayobaki.

Kadi ikikwama chini *baada* ya gemu kuanguka, na kurudi sawa ukiwasha upya, draiva ilikufa na kufufuka ikiwa kwenye kasi ya tahadhari. Event Viewer, daftari la matukio la Windows, itakuwa na tukio namba 4101. Hapo tafuta kwa nini ilianguka; mara nyingi ni kasi iliyoongezwa kwa MSI Afterburner (programu ya kubadili kasi na volti za kadi), au volti iliyopunguzwa kupita kiasi. Rudisha Afterburner kwenye hali ya kiwandani, na uhakikishe haiweki mipangilio yake Windows inapowaka.

Kasi ikiwa imeganda kwenye namba moja isiyotikisika, tuseme 900 kamili, huenda kuna programu iliyoifunga. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike `nvidia-smi -rgc`, kisha `nvidia-smi -rmc`. La kwanza hufungua kiini, la pili kumbukumbu.

Kwenye betri, angalia Battery Boost ya NVIDIA, ambayo huweka ukomo wa fremu kwa makusudi. Na programu ya mtengenezaji wa laptopu, ile yenye hali za kimya, wastani na utendaji, ina nguvu kuliko mipangilio ya Windows. Hali ya kimya inaweza kukata wati za GPU hata nusu. Ile Prefer maximum performance ya NVIDIA Control Panel, ambayo kila mtu huishauri, huzuia kadi kulala tu. Haiongezi hata wati moja juu ya ukomo.

Kwenye orodha ya vifaa ya Windows (Device Manager), chini ya Software devices, kuna NVIDIA Platform Controllers and Framework. Ndicho kinachogawa wati kati ya prosesa na GPU kwenye laptopu za RTX 30 na kuendelea. Kikiwa na alama ya njano, au kimezimwa, GPU inaweza kukosa wati za nyongeza. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na huduma ya `nvidia-powerd`. Isipowaka utaona kadi ikisimama kwa mfano wati 80 badala ya 95 au zaidi. Lakini hakuna hata moja kati ya hizi itakayoishusha hadi 210.

Wenye kadi za AMD kwenye Linux wasome faili `/sys/class/drm/card0/device/power_dpm_force_performance_level`. Namba ya kadi inaweza kuwa 1 badala ya 0. Ikiandikwa low, kuna aliyeilazimisha. Iandikie auto.

Joto lina tabia yake: halibani mwanzoni. Gemu huanza vizuri, kisha baada ya dakika kadhaa kasi inashuka, ukilisimamisha inapanda tena. Ukomo wa kadi yako utaupata kwa `nvidia-smi -q -d TEMPERATURE`. Nyingi za laptopu ziko karibu na nyuzi 87. Angalia pia tofauti kati ya joto la kawaida la GPU na la sehemu yake yenye joto zaidi kwenye HWiNFO64, programu ya kusoma vipimo vya laptopu. Nyuzi 10 hadi 15 ni kawaida. Ikivuka 25, pesti ya kupitisha joto imekauka au imesukumwa pembeni. Yako iko nyuzi 50. Usifungue laptopu kwa ajili ya pesti.

Kwako wewe

Azima chaja ya kweli ya mtengenezaji, yenye wati zilizoandikwa chini ya laptopu yako, kabla ya kununua nyingine. Safisha EC, washa, pima. Kasi ikirudi, umemaliza. Isiporudi na HW Power Brake Slowdown bado iko Active, shuka hadi kwenye tundu la chaja: tikisa kichwa taratibu ukitazama mistari ya `nvidia-smi`, na uone kama kasi inaruka. Ikiruka, sindano ya katikati au waya wa tundu umelegea, na kwenye laptopu nyingi tundu ni kipande kinachobadilishwa peke yake bila kugusa ubao mama. Isiporuka, mpelekee fundi wa bodi picha ya skrini ya sababu ikiwa Active pamoja na wati za chaja uliyoitumia, na umwombe apime waya wa kitambulisho kutoka kwenye tundu hadi kwenye EC, pamoja na rezista za kupima mkondo kwenye njia ya chaja. Akianza kwa kukwambia ubadilishe GPU, chukua laptopu yako uondoke.